Trekta ya zamani inachemsha: dalili, visababishi na pa kuanzia

Mvua zikikaribia, malalamiko ni yale yale kuanzia Mbarali hadi Uasin Gishu. MF (Massey Ferguson) 135 inakwenda vizuri barabarani, lakini plau ikishushwa haimalizi nusu saa kabla maji hayajaruka. Ford 5000 inakunywa maji kila asubuhi na chini hakuna hata tone. MF 240 geji haipandi kabisa, hata jua la saa saba. Na dawa inayotolewa kwa magonjwa yote hayo ni moja: "Toa thamostati", yaani ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto.

Mwongozo huu unapinga dawa hiyo. Injini hizi zilitengenezwa zifanye kazi zikiwa na joto lake, na karibu kila zinapochemsha kuna sababu unayoweza kuiona kwa macho au kuishika kwa mkono kabla hujanunua kipuri chochote. Fuata dalili, anza na ukaguzi usio na gharama, na ujue mahali pa kusimama.

Kwanza, joto la kawaida ni lipi? Kwa injini za Perkins za silinda tatu na nne zilizofungwa kwenye Massey Ferguson nyingi za miaka ya 1960 hadi 1980, thamostati huanza kufunguka maji yakifika takriban digrii 75 hadi 85 za Selsiasi. Trekta inayolima ikiwa kati ya 80 na 95 iko sawa. Ila kumbuka mwinuko. Maji huchemka kwa digrii 100 usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka kama digrii moja kwa kila mita 300 unazopanda. Iringa maji ya wazi yanachemka karibu na 95, Eldoret karibu na 93. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Kile cha pauni 7 (presha kwa inchi mraba), ambacho trekta nyingi za rika hili hutumia, kinabana mvuke na kusukuma kiwango cha kuchemka juu kwa digrii kama 10 hadi 12. Mpira wake ukiwa umekauka, umepoteza zote hizo, na trekta ya nyanda za juu itachemsha wakati mwenzake wa Kilombero mwenye kifuniko kibovu vilevile bado anaendelea na kazi.

Kabla hujagusa chochote

Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa yakipata upenyo hugeuka mvuke papo hapo na kupanda usoni. Subiri mpaka uweze kushika hozipaipu ya juu kwa kiganja bila kuiachia. Kisha weka gunia lililokunjwa juu ya kifuniko, kizungushe hadi kituo cha kwanza, acha pumzi itoke yote, ndipo ukitoe.

Injini ikichemsha shambani, nyanyua plau, weka gia huru na uiache iungurume taratibu dakika tatu hivi ili maji yaendelee kuzunguka. Kuizima ghafla kunaliacha joto lote limekaa kwenye hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda). Ila kama fenibelti imekatika, hozipaipu imepasuka au rejeta haina maji, zima palepale.

Usimwage maji baridi juu ya injini yenye moto wala ndani yake. Chuma cha hedi kinapasuka kwa mtindo huo, na hedi iliyopasuka inaweza kukugharimu kuliko mavuno ya ekari kadhaa.

Dalili: inachemsha ikiwa na mzigo tu, barabarani iko sawa

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na mara nyingi kosa liko nje ya injini.

Anza na uso wa rejeta. Trekta inayolima au kupiga haro kwenye mabua inavuta vumbi, makapi na mbegu za nyasi moja kwa moja kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta. Ukiitazama kwa mbele unaweza kuona wavu safi ukaridhika, kumbe uchafu uko katikati ya wavu na rejeta, au umeshindiliwa ndani kabisa ya mapezi. Toa wavu wa mbele. Washa tochi upande wa feni, wewe simama upande wa pili utazame: palipo safi mwanga unapenya, palipoziba ni giza. Osha kwa maji au hewa kutoka upande wa feni kuelekea mbele, yaani kinyume na njia uchafu ulikoingilia. Ukipuliza kutoka mbele unausukuma uzidi kujikita. Presha iwe ndogo, maana mapezi ya shaba yaliyozeeka yanalala kwa urahisi na yakilala hewa haipiti tena. Kama kuna oili imevuja juu yake, paka sabuni ya unga iliyoyeyushwa, subiri, kisha osha. Vumbi lililoshikana na oili halitoki kwa maji matupu.

Zikifanyiwa hivyo tu, trekta nyingi hupona.

Bado inachemsha? Angalia fenibelti. Ibonyeze kwa kidole gumba katikati ya puli mbili: ishuke kama sentimita moja, isizidi mbili. Itazame pia kwa ndani. Belti iliyokaa hadi ikagusa chini ya mfereji wa puli imelika; hata ukiikaza itateleza, na itateleza zaidi mzigo unapopanda. Angalia feni yenyewe. Baada ya kubadilisha wota pampu, wapo wanaorudisha feni ikiwa imegeuzwa, na feni iliyogeuzwa inavuta hewa kidogo sana ingawa inazunguka vizuri machoni. Kwenye trekta hizi feni huvuta hewa kutoka mbele kuipeleka kwenye injini: karatasi ukiiweka mbele ya wavu inatakiwa inate. Na lile bati la duara linaloizunguka feni, ambalo wengi huling'oa likianza kupiga kelele na kulitupa, lina kazi. Bila hilo feni inazungusha hewa ile ile iliyokwisha kupata moto. Litafute, au mpe mchomeleaji akutengenezee jingine.

Kisha mirija ya ndani ya rejeta. Maji ya kisima chenye chumvi huacha ukoko mweupe mgumu, na kila unapoongeza maji unaongeza ukoko. Kujua ni rahisi: ilimishe trekta hadi ipate joto, izime, kisha pitisha kiganja juu ya uso wa rejeta ukiwa mbali na feni. Joto linatakiwa lipungue polepole kutoka juu kwenda chini. Ukikuta kiraka cha baridi katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo haipitishi maji. Kwa ukoko mdogo, ndimu ya unga ile ya dukani inasaidia: gramu 200 hivi kwa lita 10 za maji, ambazo ni karibu ujazo wote wa MF 135. Endesha injini ikiwa na joto lake kwa nusu saa, mwaga, suuza mara mbili au tatu hadi maji yatoke safi. Hii ni kwa rejeta za shaba. Wanaotumia maji ya betri yenye asidi wanayeyusha lehemu na kutafuna wota pampu, usithubutu. Rejeta iliyoziba sana ipelekwe kwa fundi rejeta aifungue tangi la juu, apitishe fito kwenye mirija na kuichomea upya.

Vipo na visababishi vichache vya mwisho kwa dalili hii. Mzigo wenyewe: diski tatu kwenye udongo mfinyanzi mkavu, gia ya juu, moshi mweusi unatoka muda wote. Hapo injini inapewa dizeli isiyoweza kuichoma yote, na joto lazima lipande. Shuka gia moja au punguza kina. Breki inayoshika bila kukanyagwa inaongeza mzigo vilevile. Gusa ngoma za breki baada ya mwendo mfupi. Kama moshi mweusi unatoka hata kwa kazi nyepesi, safisha kwanza eya klina, na kwa zile zenye bakuli la oili ubadilishe oili hiyo. Ukibaki, shida inaweza kuwa nozeli au taimingi ya pampu ya dizeli. Hapo acha. Pampu ya dizeli ni ya fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Ukivunja lakiri yake na kukisia, unaweza kuiongezea injini moto zaidi ya ule uliokuwa unaukimbia.

Dalili: inachemsha haraka hata bila mzigo

Imesimama kivulini, dakika kumi na tano, geji iko kwenye nyekundu.

Pima maji kwanza, injini ikiwa baridi. Kisha gusa hozipaipu mbili wakati injini inapanda joto. Ya juu ikibaki vuguvugu huku hedi inaunguza, thamostati imekwama imefungwa, au maji hayasukumwi.

Thamostati ipimwe jikoni. Ifungue, safisha, ifunge kwa uzi uining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, na uweke kipimajoto kando yake. Washa moto. Kwenye nambari iliyopigwa muhuri juu yake, kisahani kianze kuachana na kitako chake, mwanzo upenyo wa unywele tu, kisha kikiinuka taratibu hadi kufunguka karibu sentimita moja maji yanapokaribia kuchemka. Ipue, kirudi chenyewe. Isiyofunguka, inayofunguka nusu tu, au isiyofunga, nunua nyingine yenye nambari ile ile. Bei yake ni ndogo kuliko ya debe la dizeli, na hakuna sababu ya kurudisha nyumba yake ikiwa tupu.

Thamostati ikiwa nzima, geukia wota pampu. Shika ncha za feni injini ikiwa imezimwa uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi zimekwisha. Chini ya shingo ya pampu kuna kitundu kidogo. Maji au kutu ikitoka hapo, sili imekufa. Usizibe kitundu hicho kwa kijiti wala gundi, maana kimewekwa ili maji yakivuja yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Ipo pia pampu ambayo haivuji wala haichezi lakini panga zake zimeliwa na kutu, au kipanga kimelegea kwenye ekseli yake na kinateleza. Ukifungua kifuniko injini ikiwa baridi, ukaiwasha na kuongeza moto (mwendo wa injini) kidogo baada ya thamostati kufunguka, lakini maji yamelala kimya shingoni, pampu hiyo haisukumi. Itoe uikague. Kaa na uso mbali na shingo ya rejeta wakati wote wa kipimo hiki, na uache mara maji yanapoanza kupanda.

Hozipaipu ya chini nayo huwadanganya watu. Iliyolainika hujibana yenyewe injini ikipandishwa moto, kwa sababu pampu inavuta kupitia hapo, na injini ikishuka inajirudishia umbo. Mtu mmoja aongeze moto, mwingine aitazame.

Dalili: maji yanapungua na huoni yanakokwenda

Tofautisha kwanza kupungua na kutemwa. Trekta hizi hazina chupa ya akiba. Ukijaza hadi mdomoni, maji yakipata joto yanatanuka na ziada inatoka kwenye kimrija cha pembeni. Yakitemwa mara moja kisha yakatulia kwenye kimo kimoja, hakuna ugonjwa. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya shingo.

Yakiendelea kupungua kila siku, fuata mpangilio huu:

- Kifuniko: mpira uliokauka au springi iliyolegea. Badilisha na cha pauni zile zile. Usichukue cha gari dogo cha pauni 13 au 15 ukidhani kikali ni bora, kwani mshono wa rejeta ya zamani hautahimili.
- Hozipaipu na klipu zake. Tafuta alama nyeupe au za kutu zilizokauka. Uvujaji mdogo hukaushwa na joto kabla tone halijafika chini.
- Kitundu cha wota pampu, kama nilivyoeleza.
- Vizibo vya bati ubavuni mwa bloku, hasa vile vilivyojificha nyuma ya kianzishio na mabomba.
- Mishono ya rejeta, tangi la juu na la chini.

Kote huko kukiwa kukavu, maji yanaingia ndani ya injini. Chomoa stiki ya oili na ufungue kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe tena trekta hiyo. Oili yenye maji haishiki beringi za krenki, na saa moja ya kulimia inatosha kuinoki injini.

Kwa Ford 5000 kuna jambo la pekee. Bloku yake haikuwekewa laina (mikono ya chuma inayopachikwa ndani ya silinda); pistoni zinakimbia kwenye chuma cha bloku chenyewe. Kwa miaka mingi ya maji matupu, upande wa maji wa kuta hizo huchimbwa vitundu, hadi kimoja kinapotoboka na maji kupenya kwenye silinda au oili. Huwezi kukiziba kwa dawa ya kumimina. Bloku inatobolewa upya na kuwekewa laina kwenye karakana yenye mashine. Kinga yake ni kulanti yenye dawa ya kutu badala ya maji ya mto. Ferguson ya kijivu, TE20, ina ugonjwa wake tofauti: laina zake zinaguswa na maji moja kwa moja, na gasketi za chini yake zikichoka maji yanashuka polepole hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini).

Onyo moja zito hapa. Trekta iliyokuwa ikipoteza maji, ikalala usiku, na asubuhi kianzishio kikagonga mara moja na kukwama, huenda ina maji juu ya pistoni. Maji hayabanwi. Ukiivuta kwa trekta nyingine ili iwake, utapinda koniroodi (mkono wa pistoni). Toa nozeli zote, izungushe taratibu ili maji yatoke kwenye matundu, na umwite fundi.

Dalili: mapovu kwenye rejeta, maji yanatemwa mfululizo

Rejeta imejaa, belti iko sawa, na bado maji yanasukumwa nje tangu dakika za mwanzo. Hapo shuku gasketi ya hedi, ila usiituhumu kabla ya kupima.

Injini ikiwa baridi kabisa, toa fenibelti ili pampu isizungushe maji, jaza rejeta karibu na shingo na uache kifuniko wazi. Washa. Una dakika moja au mbili tu, usizidishe. Maji yasiyo na pampu yanatakiwa yatulie. Mapovu yanayopanda bila kukoma, yanayozidi ukiongeza moto, ni pumzi ya silinda inayopita kwenye gasketi au kwenye ufa. Dalili nyingine za kuunga mkono: hozipaipu ya juu inakuwa ngumu mara tu injini inapowaka kabla haijapata joto, na moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata joto lake.

Unga wa kuziba, pilipili manga, yai bichi: vyote hivyo huziba mirija ya rejeta muda mrefu kabla ya kuziba gasketi. Vikishawekwa, fundi anapata kazi mbili badala ya moja.

Dalili: geji inasema jambo moja, injini jingine

Geji ikionyesha nyekundu lakini maji hayachemki na hedi haitoi joto la kutisha, pima kwa kipimajoto cha kulenga au cha kawaida kilichotumbukizwa shingoni. Kwa geji za umeme, kagua waya wa sensa na ardhi yake. Waya uliogusa chuma huipeleka sindano mwisho. Zile za zamani zenye kimrija chembamba cha shaba, kimrija kikipinda na kukatika sindano haisogei tena, na geji hubadilishwa nzima.

Hatari zaidi ni kinyume chake. Sensa hupima maji yanayoigusa. Maji yakishuka chini yake, inabaki kwenye hewa na mvuke, na sindano inaweza kurudi chini wakati injini inaungua. Sindano ikishuka ghafla ukiwa na mzigo, simama uangalie maji.

Dalili: haipati joto kabisa

Wengi huichukulia kama neema. Sivyo. Injini ya dizeli inayokimbia kwenye digrii 50 haichomi mafuta yote. Sehemu inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili. Mvuke unaotokana na kuungua unageuka maji ndani, unachanganyika na salfa ya dizeli na kuwa asidi inayokula ringi na laina. Baada ya misimu kadhaa, trekta "isiyochemsha" inatoa moshi wa bluu, inakula oili na haivuti. TE20 zilizotengenezwa kutumia mafuta ya taa zilikuwa na sharti kali zaidi: ziliwashwa kwa petroli na kuhamishiwa mafuta ya taa baada ya kupata joto, kwani zikiwa baridi mafuta hayo yaliteremka moja kwa moja kwenye sampu.

Sababu karibu zote ni thamostati iliyotolewa au iliyokwama wazi. Na kwenye injini zenye kihozipaipu kifupi kinachorudisha maji pampuni, kuitoa kunaweza hata kusababisha maji mengi yasipite kwenye rejeta, kwa hiyo trekta inakuwa baridi asubuhi na inachemsha mchana chini ya mzigo. Irudishe thamostati kwanza, kisha utafute ugonjwa uliofanya itolewe.

Unapompa fundi hedi

Kufungua hedi si kazi ya kujaribia, na kuna mambo ya kumdai fundi bila aibu. Hedi ipimwe kama imepinda kwa kuwekewa rula iliyonyooka na kupitisha fila (vibati vya kupimia upenyo) chini yake. Ipelekwe karakana ipimwe ufa kwa presha kabla ya kusagwa, hasa kati ya matundu ya valvu. Gasketi iwe mpya, ya injini hiyo hiyo kwa nambari yake. Nati zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Na isipokuwa gasketi mpya imeandikwa kwamba haihitaji, Perkins za zamani hukazwa tena baada ya injini kupata joto, na mara nyingine baada ya saa chache za kazi; kila zikikazwa, klearansi (nafasi) za valvu hupimwa upya, kwa sababu hedi ikishuka hubadilika nazo.